Mluzi wa Kuita

Nilikwenda kumzika Boay, ndiyo. Wapo waliokuwa wanasubiri kuona kama nitathubutu, na nilipoteremka kwenye gari pale Dongobesh nikamsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Si ndiye huyo Paskalina aliyemkataa?" Ndiye mimi. Nilimkataa, nikaolewa na mwingine, nikazaa, nikazeeka, na miguu yangu mibovu hii hii imenileta msibani bila kuitwa na mtu. Wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, wakaniletea chai ya maziwa yenye moshi, nikanywa. Padri akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, katekista mvumilivu aliyetembea na mguu wake mbovu vigango vyote bila kulalamika, na sisi tuliobaki tumwige. Tumwige! Chai ilinipalia mpaka wakaanza kunipiga mgongoni.

Aliyenipiga mgongoni alikuwa mjukuu wake, Emanueli, kijana wa kidato cha tatu, mrefu, masikio makubwa kama ya babu yake. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akakaa hapo hapo kando yangu kana kwamba alikuwa amenitafuta. Na kweli alikuwa amenitafuta. "Bibi, kuna maneno mawili ya Kiingereza yananisumbua," akasema. "Nilimwuliza babu kabla hajazidiwa. Akacheka, akasema yeye hawezi kunijibu, nimtafute Paskalina wa Daudi, yeye anaijua tofauti yake." Nikamwuliza ni maneno gani. "Imitate na emulate. Si yote ni kuiga tu, bibi?" Kumbe Boay alikumbuka! Miaka yote ile tumekutana sokoni, kanisani, kwenye harusi za watu, tunasalimiana na kupita, nami nikidhani amejisahaulisha. Nikamwambia kijana, "Tuzike kwanza. Nitakuambia." Nikarudi kwenye chai yangu, lakini akili haikuwa pale tena. Ilikuwa kwenye ngano.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoteremka kutoka kijijini kwetu Daudi kwenda kupika kwenye kantini ya shamba moja la ngano la serikali, kule tambarare chini ya mlima Hanang. Jina la shamba sitalitaja, wenyewe wanajijua. Sisi tuliozoea vishamba vya mteremkoni, hapa mahindi, hapa maharage, hapa mwisho wa shamba na mwanzo wa jirani, tuliiona ngano ile tukashika midomo. Haikuwa na mwisho. Nilipewa chumba kwenye kota za bati, tukalala wasichana wanne, na usiku upepo ukivuma bati linagongagonga mpaka asubuhi. Kila kitu kilinuka dizeli: blanketi, nywele, hata chumvi. Kantini yenyewe ilikuwa banda refu lenye meza za mbao na benchi, ukuta mmoja umepakwa rangi nyeusi ya ubao, na jiko nyuma yake. Asubuhi uji na chai, mchana ugali na maharage, Jumamosi kabichi na nyama kidogo ya kugombania. Wakati wa mavuno madereva wa kombaini walikuja na vumbi la makapi mpaka kwenye kope, wanakula bila kunawa, nawafokea, wananiita "mama mkwe". Nilikuwa mkali tangu hapo, msidhani ni uzee.

Boay alikuwa mpakia magunia, na alikuwa mchumba wangu. Wazee wa pande zote mbili walikwisha kuzungumza na harusi ilikuwa baada ya mavuno. Nilimpenda kwa sababu moja tu, na sioni haya kuisema: alinichekesha. Aliweza kumwiga mtu yeyote. Alimwiga meneja anavyokohoa kabla ya kusema "wafanyakazi wenzangu". Alimwiga mtaalamu mzungu anavyoing'ang'ania pilipili huku machozi yanamtoka. Aliiga mpaka mashine, kombaini ikigoma kuwaka, na madereva wanaanguka chini kwa kicheko. Mimi nilichungulia kwenye kidirisha cha jiko na mwiko mkononi, nikajiambia, nyumba yangu haitakuwa na huzuni hata siku moja.

Halafu siku moja mchana akamwiga Afande. Huyu alikuwa mkuu wa walinzi, mwanajeshi mstaafu, mtu mfupi mwenye kiboko cha ngozi alichokuwa anakipaka mafuta kama mama anavyompaka mtoto. Kazi yake ilikuwa kuzuia ng'ombe wa wafugaji wasiingie kwenye ngano. Akimkamata mfugaji hakuuliza jina, alisema "Lala chini!" kwa sauti nyembamba ya ajabu, na akishalala, kiboko. Nimewaona watu wazima, wazee wenye wajukuu, wakirudi na njia ya Gendabi hawawezi kuketi. Boay akapanda juu ya benchi, akashika mwiko wangu kama kiboko, akatanguliza mguu wa kulia, akasema "Lala chini!" Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla. Afande alikuwa mlangoni. Akaingia polepole, akasema, "Endelea." Boay akashuka. "Nimesema endelea." Akarudia, "Lala chini." Afande akamtandika ngumi ya mdomo, jino likaruka mpaka kwenye sinia la ugali. Damu ilitapakaa kwenye meza niliyotoka kuifuta. Afande akajipangusa mkono kwenye suruali, akasema, "Umekosea mguu. Mimi naanza na wa kushoto." Akamtazama vizuri, kama anayekagua ndama sokoni, akamwuliza kama anaweza kuiga na milio mingine. Kesho yake Boay hakuwa mpakia magunia tena. Alipewa koti la ulinzi, na ninyi mtanisamehe, mimi nilifurahi. Koti lilimkaa.

Mwalimu Bernadeta wa shule ya watoto wa shamba alitufundisha Kiingereza baada ya chakula cha mchana, pale pale kantini, akiandika kwenye ule ukuta mweusi. Nilitaka kuwa mtunza stoo, na stoo ilitaka Kiingereza. Siku moja akaandika maneno mawili, imitate juu, emulate chini. Dereva mmoja akasema yote ni kuiga, tuendelee, kuna kazi. "Si sawa," Mwalimu akasema. "Hili la juu ni kufanya kama mtu anavyofanya, basi. Boay akikohoa kama meneja, ndilo hilo. Akimaliza anarudi kuwa Boay." Watu wakacheka, Boay akainama kama anayepigiwa makofi. "Hili la chini ni kumtazama mtu ukatamani uwe yeye. Unajitahidi mpaka umfikie, na ukiweza unampita." Nikauliza, "Mwalimu, na kwa ubaya je? Mtu hawezi kumtamani mbaya akampita?" Mwalimu akafikiri, chaki kidevuni. Akasema anadhani ni kwa mambo mema, lakini ataangalia kwenye kamusi. Sijui kama aliangalia.

Rafiki yangu mwaka ule alikuwa Udamara, binti wa Kibarabaig wa rika langu aliyetuletea maziwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi. Aliniita "Basikalina", nami sikumsahihisha. Baba yake, mzee Gidamis, alikuwa na ng'ombe aliowapitisha kila siku kwenye njia iliyoachwa katikati ya ngano, kwenda kwenye maji. Ng'ombe wakiwa njiani hawana kosa. Wakiweka kwato ndani ya ngano, ni mali ya shamba mpaka meneja aamue vingine, na meneja hakuwahi kuamua vingine. Kwa hiyo mzee alitembea mbele yao, hageuki, anapiga mluzi wake, na wao wanamfuata nyuma kwa mstari, mbele kabisa jike jekundu lenye pembe iliyopinda. Kila mfugaji ana mluzi wake na ng'ombe wanamjua kwa huo. Ule wa mzee Gidamis ulipanda, ukakatika kidogo, ukashuka na mtetemo wa koo. Udamara aliniambia kwamba ng'ombe wale ndio chakula chao, ndio mahari ya kaka zake, ndio jina la baba yake. "Wakienda, sisi si watu," alisema hivyo, bila kulia.

Asubuhi moja Boay aliukamata mluzi ule mlangoni pa jiko, akaupiga mbele ya Udamara mwenyewe. Ulikuwa ule ule, jamani. Msichana aligeuka akidhani baba yake yuko nyuma yake. Kisha akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Huyu anajua kuita tu," akaniambia. "Kusimamisha hajui." Nikamwuliza kwani kusimamisha kukoje. Akanionyesha: unatoka njiani, unasimama ubavuni kwao, mkono juu, unatoa sauti nzito ya kifuani, hooo, hooo, taratibu. "Ukisimama mbele unaita. Ukisimama kando unazuia." Boay alikuwa amekwisha kuondoka, anaujaribu tena mluzi wake, anautengeneza ule mtetemo wa mwisho.

Siku tatu baadaye nilipeleka chakula cha walinzi huko huko shambani, sufuria kichwani, kwa sababu walisema hawawezi kurudi mchana. Niliwakuta wamelala ndani ya ngano, Afande na wengine wanne, na Boay akiwa mbali kidogo peke yake. Afande akanionyesha kidole mdomoni. Nikachuchumaa. Nikawaona ng'ombe wanakuja njiani, mzee mbele yao, shuka begani, fimbo mgongoni. Wakapita. Na mzee alipofika mbele, kwenye kona, Boay akapiga mluzi. Lile jike jekundu likasimama. Likageuza masikio. Likaacha njia, likaingia kwenye ngano moja kwa moja kuelekea kwa Boay, na wote nyuma yake. Mzee aligeuka akaona, akapiga yowe, akakimbia kuwafuata, na hapo walinzi wakainuka.

Nikasikia "Lala chini!" Nikajua ni Afande. Nikamtafuta Afande kwa macho, nikamwona amesimama pembeni, mikono kiunoni, mdomo umefumba. Aliyesema ni Boay. Mguu wa kushoto mbele. Mzee hakulala, alisimama akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe ndiye umewaita. Nimesikia." Boay akampiga kwa mpini wa jembe. Akampiga mkono aliouinua kujikinga, na mfupa ulilia, niliusikia kutoka pale nilipochuchumaa. Akampiga mdomo. Mzee akaanguka, na bado akampiga, mgongo, mbavu, mkono ule ule uliovunjika, anahema kwa furaha, anasema "Umesikia nini? Umesikia nini?" Mimi nilipiga kelele nikaitupa sufuria, maharage yote yakamwagika kwenye ngano. Hakugeuka. Mwishowe Afande mwenyewe alimshika mkono. "Basi," akasema. "Inatosha, bwana. Utaua." Afande huyo! Na sauti yake ilikuwa na woga. Ndipo nikaelewa lile neno la chini ubaoni, na sikuhitaji kamusi ya mtu.

Jioni Boay alinifuata kota, amenawa, ananukia sabuni. Akakaa kwenye ngazi, akataka tuzungumze habari za harusi. Nikamwambia, "Umemvunja mzee wa watu." Akasema, "Ah, Paskalina, nilikuwa naigiza tu. Ile ni kazi, unamfanya Afande, ukimaliza unakuwa wewe." Nikamwambia aniigizie sasa hivi Boay wa mwaka jana, nimwone. Kisha akajaribu, kweli, akatoa kile kikohozi cha meneja, na hakikunichekesha. Kilikuwa kimetoka vizuri kabisa na hakikunichekesha hata kidogo. Nililia mbele yake, nikamwambia mahari yake itarudishwa kutoka kwetu. Akanishika mkono, akaubana mpaka vidole vikafa ganzi, akasema kwa sauti ile nyembamba, "Hairudi." Nikamng'ata. Ndiyo, nilimng'ata kama mbwa, akaniachia.

Ng'ombe walifungiwa kwenye zizi la shamba, na lori la kuwachukua lilitarajiwa mchana wa siku iliyofuata. Wakishapanda lori, wamekwenda. Asubuhi Udamara alikuja jikoni bila kibuyu. Baba yake alikuwa hai, amelala, midomo imepasuka, meno ya mbele hayapo. "Hawezi kupiga mluzi tena," akasema. Nikamweleza yote, nani aliita, nani alipiga, na kwamba ni mchumba wangu, au alikuwa. Hakunilaumu. Aliuliza kitu kimoja: lango la zizi linafungwaje? Nikamwambia ni magogo matatu ya kuchomeka, na mimi ndiye ninayepeleka chakula cha walinzi. Tukatazamana. Akasema atakuwa kwenye kilima kile chenye mawe, upande wa Yaeda Chini, jua likiwa kichwani.

Niliwapakulia walinzi siku hiyo mpaka sahani zikafurika. Nyama yote ya Jumamosi niliwapa wao. Walikaa kwenye kivuli cha trela, wanakula, wananisifu, Boay hanitazami, ana alama ya meno yangu mkononi. Nikasema naenda kuwapa ng'ombe maji, maskini. Afande akacheka. Ndipo mluzi ukasikika kutoka kilimani. Ulikuwa mbaya! Ulikatika pasipostahili, pumzi ilikwisha katikati, mtetemo wa mwisho haukuwepo kabisa. Sikuwa nimewahi kumsikia Udamara akiupiga mluzi wa baba yake, na nadhani naye ilikuwa mara ya kwanza. Lakini jike jekundu liliinua kichwa. Nikavuta gogo la kwanza, la pili, la tatu lilikwama, nikalipiga teke mpaka kucha ikang'oka, likatoka.

Walitoka wote kwa pamoja, kwenye kile kichochoro kati ya waya na mapipa ya dizeli. Walinzi waliruka huku na huku. Boay peke yake alikimbilia mbele yao, akasimama katikati ya njia. Najua alichokusudia. Alikusudia kuwazuia. Lakini alikuwa na mluzi mmoja tu, ndio pekee aliojifunza, akaupiga, na aliupiga vizuri kuliko mzee Gidamis mwenyewe. Ng'ombe wakausikia hapo hapo mbele yao. Wakauitikia. Nikamwita, "Toka kando, Boay! Kaa kando!" Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, na wao wakaja kwa kasi zaidi, na jike jekundu likamfikia kwanza. Pembe iliyopinda iliingia pajani. Alizungushwa, akaanguka, halafu sikumwona tena, nikaona migongo tu, na vumbi, na kofia yake ya ulinzi inarushwarushwa kwa kwato. Mluzi ulikatika. Wa kilimani ukaendelea, mbaya vile vile, na ng'ombe wakaufuata mpaka wakapotea nyuma ya mawe.

Afande alinipiga. Niseme tu. Alinilaza chini, kiboko chote kikaishia mgongoni na begani, na walinzi wengine wakatazama sahani zao. Begani bado pana mfereji, wajukuu wangu wanautia kidole wakiwa wadogo. Nikafukuzwa siku hiyo hiyo, nikapanda trekta la magunia mpaka Katesh nikiwa nimelala kifudifudi. Stoo sikuipata, Kiingereza nikakiachia pale. Udamara sikumwona tena, ila mfanyabiashara mmoja wa Katesh aliwahi kuniambia amekutana na mzee mmoja huko Yaeda, mkono umepinda, binti yake ndiye anayechunga, na ng'ombe wake wazuri sana. Nilimnunulia yule mtu soda. Boay alilala hospitali miezi mingi, akatoka na mguu wa kuburuta, na kiboko hakukishika tena. Alikuja kuwa katekista, watu wakampenda, na sina ugomvi nao. Mimi tu sikuwahi kumcheka tena, hata aliposema jambo la kuchekesha.

Tulipomaliza kuzika, watu wametawanyika kwenda kunawa mikono, Emanueli alibaki kaburini. Akaweka vidole mdomoni. Nikamwona, na kabla sijainuka, ukatoka: ukapanda, ukakatika kidogo, ukashuka na mtetemo wa koo. Ng'ombe wa jirani waliokuwa wanakula mabua ng'ambo ya uzio, nadhani marehemu alikwisha kuwazoesha, wakainua vichwa, wakaanza kuja. Nilienda kwa kijana yule haraka kuliko miguu yangu inavyoruhusu, nikamshika bega. "Nani kakufundisha?"

"Babu. Alisema ndio wimbo wake, tumpigie siku ya kuzikwa."

"Na ule wa kusimamisha, alikufundisha?"

"Upi, bibi?"

"Wa kuwasimamisha."

Emanueli akatazama kaburi, akatazama ng'ombe waliofika uzioni, wanausukuma kwa vifua. "Hapana," akasema. "Nilimwuliza. Alisema huo hakuwahi kuujua, na huo pia nije nikuulize wewe."

Machozi yalinitoka, mbele ya watu wote waliokuwa wanasubiri kuona. Nikayaacha yatoke. Kisha nikamshika yule kijana mkono, nikamtoa mbele ya ng'ombe, nikamsimamisha ubavuni kwao.

"Mkono juu," nikamwambia. "Juu zaidi. Sasa, kifuani, taratibu."